Kabla Hujapiga Windows Upya: Kutafuta Kwa Nini Gemu Inajifunga

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wowote gemu inapojifunga ni kupiga Windows upya. Mafundi wengi huupenda kwa sababu ni kazi ya saa chache yenye bei inayojulikana, na wakati mwingine kweli husaidia. Lakini kompyuta yenye RAM mbovu itajifunga vilevile baada ya Windows mpya, na safari hii utakuwa umepoteza sevu zako pamoja na ushahidi wote uliokuwa umeandikwa ndani ya Windows ile ya zamani. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Soma kwanza kilichoandikwa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kupiga Windows kuwe hatua ya mwisho, kama kutahitajika kabisa.

Imeangukaje?

Usianze kwa kuuliza kosa ni nini. Anza kwa kuuliza gemu imeangukaje, kwa maana namna ya kuanguka hukuonyesha pa kwenda.

Ikiwa gemu imetoka yenyewe na kukuacha kwenye desktopu huku kompyuta ikiendelea kama kawaida, na wimbo uliokuwa ukipiga kwenye kivinjari bado unaendelea, basi shuku gemu yenyewe, mafaili yake, modi ulizoongeza, draiva ya kadi ya grafiki, au programu nyingine iliyojipenyeza ndani ya gemu. Ikiwa skrini imekuwa nyeusi kwa sekunde chache, ikarudi, kisha gemu ikafa, hapo kadi ya grafiki au draiva yake imekwama. Tangu enzi za Windows Vista, Windows huipa kadi sekunde 2 iitikie kazi iliyopewa. Ikinyamaza kupita hapo, Windows huizima draiva na kuiwasha tena, na gemu nyingi haziwezi kuhimili mshtuko huo. Skrini ya bluu, ambayo kwenye matoleo ya karibuni ya Windows 11 imegeuzwa kuwa nyeusi, inamaanisha kwamba tatizo limefika ndani kabisa ya mfumo: draiva, RAM, prosesa au diski. Na ikiwa kompyuta nzima imezimika au imejiwasha upya ghafla bila kuonyesha neno lolote, ielekee pawa saplai, joto na umeme wa ukutani kabla ya kitu kingine.

Ukishajua namna, tafuta wakati. Gemu inayoanguka kila mara mahali palepale kwenye ramani, au kila ukifungua menyu fulani, karibu siku zote ina faili lililoharibika au kosa la walioitengeneza. Inayoanguka baada ya nusu saa ya kucheza vizuri hukupeleka kwenye joto au kumbukumbu inayojaa polepole. Inayoanguka pale tu mambo yanapopamba moto, milipuko mingi na watu wengi kwenye skrini, hukupeleka kwenye umeme unaohitajika ghafla. Inayoanguka kabla hata ya menyu kuonekana mara nyingi imekosa kitu inachokihitaji ili kuanza.

Halafu uliza swali ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko mengine yote: ni gemu moja au ni zote? Kama GTA V inajifunga lakini nyingine tatu nzito zinakwenda saa nzima bila shida, usifungue kompyuta kwa bisibisi. Kama zote zinaanguka, tena kila moja kwa namna yake, acha kuhangaika na mafaili ya gemu.

Andika majibu haya kwenye simu au daftari, pamoja na tarehe na kitu cha mwisho ulichobadilisha kabla tatizo halijaanza. Draiva mpya? RAM ya kuongeza? Windows ilijisasisha usiku? Ukumbusho wa namna hii huokoa siku nzima za kubahatisha.

Windows huandika kila kitu

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `perfmon /rel`, kisha bonyeza Enter. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu kwenye kila siku ambayo programu au mfumo ulianguka. Watu wachache sana wanaujua ukurasa huu, na ni hazina. Kwa kuutazama tu unaona kama tatizo lilianza siku moja na usakinishaji wa kitu fulani, kwa sababu usakinishaji nao umeorodheshwa hapohapo.

Ukitaka undani zaidi, rudia Windows na R, andika `eventvwr.msc`, kisha fungua "Windows Logs" na ndani yake "Application". Tafuta kosa lenye namba 1000 lililoandikwa dakika ileile gemu ilipoanguka. Humo kuna mistari miwili ya muhimu: jina la moduli iliyoanguka na namba ya kosa.

Namba utakayoikuta mara nyingi ni 0xc0000005. Maana yake ni kwamba programu ilijaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake. Namba hiyo peke yake haikwambii sababu, na mtu anayekuuzia dawa kwa kuiona tu hajui anachokifanya. Jina la moduli ndilo linalosema zaidi. Likianza na "nv", kama nvwgf2umx.dll, hiyo ni draiva ya Nvidia, atidxx64.dll ni ya AMD. RTSSHooks64.dll ni ya programu inayoonyesha namba za FPS juu ya gemu, kwa hiyo izime hiyo kwanza kabla ya kufanya jingine. Likiwa ni jina la gemu yenyewe au ntdll.dll, hujapata mengi. Lakini tazama makosa ya siku kadhaa kwa pamoja: moduli ikiwa ileile kila mara, una mshukiwa mmoja wa programu, ikiwa leo hii, kesho ile, keshokutwa nyingine kabisa, na kwenye gemu tofauti, basi shuku RAM au prosesa. Programu yenye kosa hukosea mahali palepale. Kifaa kinachoyumba hukosea popote.

Chini ya "System" kuna namba nyingine za kuangalia. 4101 ni ile draiva ya kadi iliyonyamaza kupita sekunde 2 na kuwashwa tena. Maingizo ya WHEA-Logger ni prosesa au njia zake za mawasiliano zikilalamika zenyewe, na hayo yasipuuzwe hata kidogo. Kernel-Power 41, ambayo huwatisha wengi, inasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa ipasavyo. Ukichomoa waya ukutani, itaandikwa ileile. Watu wamenunua pawa saplai mpya kwa ajili ya mstari huo mmoja, ilhali kosa lilikuwa kwingine.

Gemu nyingi pia huweka kumbukumbu zake. Zilizojengwa kwa Unreal Engine huacha folda ya "Crashes" ndani ya AppData\Local, chini ya jina la gemu na folda ya "Saved". Minecraft ya Java ina folda iitwayo crash-reports ndani ya .minecraft, na ripoti zake mara nyingi hutaja modi iliyosababisha kwa jina. Hapo pia utagundua kama unatumia Java isiyolingana: toleo la 1.18 lilidai Java 17, na la 1.20.5 likadai Java 21.

Ujumbe ukisema kitu, sababu ikiwa nyingine

Kuna kisa cha kweli ambacho kila anayetafuta makosa ya gemu anapaswa kukijua.

Kuanzia mwaka 2023 na kuendelea hadi 2024, wachezaji wengi wenye kompyuta za gharama kubwa walianza kuona gemu za Unreal Engine zikianguka mwanzoni, wakati zinapoandaa sheda, yaani programu ndogo za kuchora picha, na ujumbe uliotokea ulisema kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha. Baadhi yao walikuwa na kadi zenye GB 24. Wakabadilisha draiva, wakashusha ubora wa picha, wengine wakarudisha kadi dukani. Kadi zilikuwa nzima. Waliokuwa wagonjwa ni prosesa: Intel za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani, hasa zile za daraja la juu kama Core i9-13900K na 14900K. Kazi ya kufungua data ya sheda iliyobanwa hufanywa na prosesa. Prosesa ilipokosea hesabu, gemu ilipokea data iliyoharibika, ikashindwa kuiweka kwenye kadi, ikaandika ujumbe uliokuwa karibu na pale iliposhindwa.

Mwezi Julai 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipokea volti kubwa kuliko inavyostahili, na kwamba hali hiyo ilizichakaza kwa muda. Marekebisho ya maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, yalikuja kupitia BIOS: 0x129 mwezi Agosti, kisha 0x12B mwezi Septemba. Kampuni iliongeza dhamana kwa miaka miwili. Jambo chungu ni kwamba marekebisho huzuia uharibifu mpya tu; prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi.

Kwa hiyo, kama una prosesa ya mezani ya vizazi hivyo, au unataka kununua iliyotumika, ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza ubao mama wako na uweke BIOS ya karibuni kabla ya kucheza gemu nyingine yoyote. Kama tayari unaona makosa ya kumbukumbu ya kadi ilhali kadi ina nafasi tele, shusha kidogo kasi ya juu ya prosesa ndani ya BIOS kwa ajili ya majaribio. Makosa yakitoweka, umempata mhusika, na hatua inayofuata ni dhamana.

Somo la kisa hiki linakwenda mbali kuliko Intel. Ujumbe wa kosa unakuonyesha mahali programu ilipoangukia, na huenda aliyeisukuma yuko kwingine kabisa, kama mgonjwa anayelalamikia kichwa kumbe malaria iko kwenye damu. Uchukue kama dalili, kisha upime.

Mafaili, modi na DLL zinazookotwa

Kama ni gemu moja tu inayoanguka, anza na kipimo rahisi. Kwenye Steam, bofya gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Properties", kisha "Installed Files", na uchague kuhakiki mafaili. Epic nayo ina chaguo hilo kwenye vidoti vitatu vya gemu, chini ya "Manage". Kazi hii hulinganisha mafaili yako na yale ya asili na kupakua yaliyoharibika tu, jambo la maana sana kwa mtu anayenunua bando. Usifute gemu ya GB 100 na kuipakua upya kabla ya kujaribu hili. Na kama mafaili yanaharibika tena baada ya siku chache, sasa ichunguze diski, au RAM.

Modi zinahitaji uvumilivu wenye mpangilio. Usitoe moja moja. Zima nusu yote, cheza. Ikianguka, mhusika yuko kwenye nusu iliyobaki, ikiwa haianguki yuko kwenye ile uliyozima. Gawa tena nusu kwa nusu. Kwa njia hii modi 32 humalizwa kwa raundi 5. Gemu za zamani zina tatizo lao la ziada: programu ya biti 32 kwa kawaida hupewa GB 2 tu za kumbukumbu, hata kompyuta iwe na GB 32. Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 ni mfano maarufu, ukiijaza modi za picha nzito inafika ukomo huo na kuanguka, na dawa yake ni kiraka kinachoiruhusu kutumia GB 4.

Gemu ikidai imekosa MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll, sakinisha kifurushi cha Visual C++ kutoka kwa Microsoft wenyewe, cha biti 64 na cha biti 32 vyote viwili. Ikidai d3dx9_43.dll, hiyo ni DirectX ya zamani, na kifurushi cha Juni 2010 cha Microsoft kinayo. Nakusihi usitafute DLL moja moja kwenye tovuti zinazozigawa bure. Hujui nani ameigusa, na hata ikiwa safi inaweza kuwa ya toleo lisilolingana, ukabadilisha kosa dogo kwa kubwa.

Niseme wazi kuhusu gemu zilizokrakiwa, zile zinazopita kwenye flashi kutoka mtu kwa mtu. Ninaelewa bei. Lakini gemu hiyo ikianguka, hakuna kipimo utakachokiamini: mafaili yamebadilishwa, antivairasi huenda imefuta mojawapo, na huna njia ya kuhakiki. Utatumia wiki kutafuta kosa la kompyuta ambalo halipo. Epic hutoa gemu halali za bure mara kwa mara, na Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Kumbuka hesabu hiyo pale gemu mpya inapogoma: muda unaoiacha wazi ukijaribu hili na lile unahesabika.

Draiva

Draiva mpya ya kadi si lazima iwe bora. Mwanzoni mwa 2025 draiva za Nvidia za mfululizo wa 572 ziliwaletea watu wengi skrini nyeusi, kampuni ikalazimika kutoa marekebisho ya haraka, na wengi walirudi kwenye 566.36 ya Desemba 2024 hadi mambo yalipotulia. Kwa hiyo kama kosa lilianza baada ya kusasisha, rudi nyuma. Kama draiva yako ina umri wa miaka miwili na gemu ni ya mwaka huu, sasisha.

Njia safi ni kutumia programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller. Pakua draiva unayoitaka kwanza, chomoa intaneti ili Windows isikuwekee yake, ingia kwenye hali salama ya Windows, futa ya zamani kwa programu hiyo, washa upya, kisha weka mpya. Kama una laptopu yenye kadi mbili, ile ndogo ya prosesa na ile kubwa, hakikisha gemu inatumia kubwa: kwenye mipangilio ya skrini ya Windows kuna ukurasa wa grafiki ambapo unaweza kuichagulia kila gemu kadi yake.

Utakutana na watu wanaoshauri kuongeza zile sekunde 2 kwenye rejista ili Windows isiizime draiva mapema. Sipendi dawa hiyo. Inaficha kadi inayokwama badala ya kukueleza kwa nini inakwama.

Joto na vumbi

Kwenye ukanda wetu sehemu hii ina uzito wa pekee. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinaweza kuwa na nyuzi 32 kabla hata hujawasha kompyuta, na kila nyuzi ya chumba huongezeka juu ya ile ya kadi. Pwani kuna chumvi na unyevu hewani, bara kuna vumbi jekundu, na vyote huishia kwenye kipozeo.

Sakinisha HWiNFO au MSI Afterburner na uweke namba za joto kwenye skrini unapocheza. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen 7000 nyingi za mezani zimeundwa kuhimili hadi 95. Kabla ya kuzimika, vifaa vya kisasa hujipunguza kasi ili kujiokoa. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya joto huwa ni FPS kuporomoka baada ya muda, na kuzimika huja baadaye. Kama gemu inaanguka ikiwa laini kabisa na joto liko nyuzi 65, acha kulisingizia joto.

Kusafisha: zima, chomoa waya, peleka nje, tumia blowa ndogo au hewa ya kopo. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati unapuliza. Laptopu ya miaka minne ambayo haijawahi kufunguliwa huhitaji pia pesti mpya kati ya prosesa na kipozeo; ya zamani hukauka na kupasuka. Usicheze ukiwa umeiweka laptopu juu ya godoro, maana nyingi huvuta hewa kwa chini.

Na weka kikomo cha FPS. Kadi isiyowekewa mpaka itatengeneza mamia ya picha kwa sekunde hata kwenye menyu tupu, ikijichemsha bure. StarCraft II ilipotoka mwaka 2010 ilileta tatizo hilohilo kwenye menyu zake, na Blizzard wakaonyesha mistari ya kuongeza kwenye faili la mipangilio ili kuiwekea mpaka. Kama skrini yako ni ya 60 Hz, FPS 60 zinatosha kabisa.

Umeme, na kompyuta za ofisini zilizogeuzwa za gemu

Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki huanza na Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotumika Ulaya, wanaongeza RAM na kadi ya grafiki, na wana mashine nzuri kwa pesa kidogo. Naiunga mkono njia hiyo kwa moyo wote. Lakini mashine hizo zilijengwa kwa kazi za ofisini, na zile ndogo mara nyingi zina pawa saplai ya wati 180 hadi 300 hivi, yenye plagi zake za pekee zisizokubali ya kawaida.

Soketi ya PCIe kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. Kadi kama GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi ziko ndani ya mpaka huo na hazihitaji waya wa ziada; ndizo zinazofaa humo. RX 580 inahitaji karibu wati 185. Ukiipachika kwenye mashine hiyo kwa adapta, itawaka, itafungua Windows, itacheza menyu bila shida, kisha kompyuta itazimika mara tu mlipuko wa kwanza unapotokea. Adapta ya kugeuza plagi ya SATA kuwa plagi ya pini 8 ya kadi ni hatari ya moto: plagi moja ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, na pini 8 inatarajiwa kutoa 150. Usiitumie, hata fundi akikuhakikishia.

Jaribio la bure: kwenye Afterburner shusha kikomo cha nguvu za kadi hadi asilimia 70 kisha cheza sehemu ileile iliyokuwa ikizima kompyuta. Isipozimika tena, pawa saplai haitoshi au imechoka. Kama taa za nyumbani hufifia jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, jaribu pia kucheza kwa UPS nzuri au saa ambazo umeme umetulia, kabla ya kununua chochote.

Ukinunua kadi sokoni, fungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, kabla hujalipa. Kuna kadi za zamani, hata GTX 550 Ti ya mwaka 2011, zilizoandikwa upya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Zinaonyesha jina zuri kwenye Windows na kuanguka kila gemu inapodai uwezo zisiokuwa nao. GPU-Z tangu 2018 huweka neno FAKE mbele ya jina la nyingi kati ya hizo.

Prosesa za zamani nazo zina mipaka isiyoonekana. No Man's Sky ilipotoka mwaka 2016 ilianguka papo hapo kwenye prosesa za AMD Phenom kwa kuwa zilikosa maagizo ya SSE 4.1. Walioitengeneza walirekebisha, lakini gemu nyingi za sasa hazitarekebishiwa Core 2 Duo. Soma mahitaji ya prosesa kabla ya kulaumu draiva.

RAM

Kama umefika hapa na makosa bado yanarukaruka, ingia BIOS na uzime XMP, au EXPO kwenye mashine za AMD. Hiyo ndiyo inayoifanya RAM iliyoandikwa 3600 ikimbie 3600. Bila hiyo hurudi kwenye kasi ya chini iliyo salama. Makosa yakiisha, ama ubao mama hauhimili kasi hiyo, ama umechanganya vijiti viwili visivyopatana, tabia ya kawaida tunaponunua RAM kimoja kimoja.

Kisha pima. Weka MemTest86 kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na uiache usiku kucha imalize raundi zake 4. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM. Hakuna makosa machache yanayovumilika. Ikitokea, toa kijiti kimoja, pima kilichobaki, badilishana, kisha jaribu soketi nyingine, maana wakati mwingine kijiti ni kizima na soketi ndiyo yenye vumbi. Katika sehemu zote za kompyuta, RAM ndiyo ninayoipima mapema kuliko watu wengi wanavyoshauri, kwa sababu ikiwa mbovu inaharibu maana ya vipimo vingine vyote.

Madogo yaliyobaki nitayapitia haraka. Acha Windows iendeshe yenyewe faili lake la kubadilishana kumbukumbu, na bakiza angalau GB 20 wazi kwenye diski C. Gemu nzito huanguka faili hilo likikosa pa kukua hata kama RAM ni nyingi. Zima vionyeshi vinavyokaa juu ya gemu, cha Discord, cha Steam na vya FPS, kisha urudishe kimoja kimoja. Kama gemu inaanguka kila inapotaka kusevu, angalia kama ulinzi wa folda wa Windows unaizuia kuandika kwenye Documents. Na endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` ikifuatiwa na `sfc /scannow` kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi, kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe.

Kosa likiwa la walioitengeneza

Wakati mwingine kompyuta yako haina hatia. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na makosa mengi mno, na kabla mwezi haujaisha Sony iliiondoa kwenye duka la PlayStation. Ilirudi Juni 2021. Kama gemu zote nyingine zinakwenda, mafaili yamehakikiwa, hakuna modi, draiva ni safi, na inaanguka mahali palepale, andika ripoti kwa walioitengeneza kisha usubiri kiraka. Ripoti inayosaidia hutaja toleo la gemu, prosesa, kadi, kiasi cha RAM, namba ya draiva, hatua za kufika pale inapoangukia, na huambatisha faili la kosa kutoka kwenye folda uliyoikuta hapo awali. "Gemu yenu inakufa" haimsaidii mtu.

Na kama vipimo vyote vya vifaa vimetoka safi, na gemu kadhaa bado zinaanguka, sasa piga Windows. Kabla ya hapo nakili kwenye flashi folda za "My Games" na "Saved Games", pamoja na za gemu zako ndani ya AppData, sehemu zote tatu: Local, LocalLow na Roaming. Si kila gemu kwenye Steam huhifadhi sevu zake mtandaoni, kwa hiyo hakikisha moja moja. Windows mpya ikishakaa, weka draiva ya ubao mama, kisha ya kadi, kisha gemu moja tu ile iliyokuwa ikianguka, bila modi wala programu nyingine yoyote, na uicheze jioni nzima kabla ya kurudisha vilivyobaki.